Goti likiuma, bega likigoma: vidonge, jeli, mazoezi au sindano?

Mwenye goti lililovimba hakosi washauri. Jirani atamwambia ameze diklofenaki, muuza duka la dawa atampa jeli ya kupaka, shangazi atasema uteute umekwisha na dawa yake ni bamia. Akifika hospitali, mmoja atamwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, na mwingine atamshauri achomwe sindano ndani ya goti. Kila mshauri anamjua mtu aliyepona kwa njia anayoisifia, na mara nyingi ni kweli alipona. Ila huenda huyo aliyepona alikuwa anaumwa kitu kingine kabisa.

Makala haya yanaziweka njia nne kwenye mizani moja: vidonge vya maumivu, jeli ya kupaka, mazoezi ya tiba, na sindano ya steroidi, dawa yenye nguvu ya kuzima uvimbe. Kupumzisha kiungo na kukikanda kwa barafu sikuhesabu kama njia ya tano, kwa sababu ni hatua ya mwanzo ya zote nne. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, ikae dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, katika siku mbili tatu za mwanzo.

Kwanza ujue kinachouma

Kuzunguka viungo vyetu kuna vifuko vidogo vyenye uteute, vinavyoitwa bursa. Mwilini viko zaidi ya 100. Kazi yake ni kuzuia kano na ngozi zisisuguane na mfupa. Kifuko kikikandamizwa au kusuguliwa kila siku, kinavimba, kinajaa maji na kuanza kuuma: hiyo ndiyo bursitisi. Fundi marumaru anayeshinda amepiga magoti huvimba mbele ya goti, juu ya pia, ule mfupa wa mviringo wa goti. Dada wa kazi anayedeki kwa magoti hupata uvimbe uleule. Dereva anayeegemeza kiwiko dirishani safari nzima huota kinundu laini nyuma ya kiwiko. Anayepaka rangi dari huumwa bega, na anayelalia ubavu mmoja kila usiku huumwa pembeni mwa nyonga.

Kiungo chenyewe kikiwa na shida, mambo ni mengine. Kwa lugha ya mtaani tunasema goti limesagika. Wataalamu wanasema osteoathraitisi. Gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa, maumivu yanatoka ndani, ngazi zinakuwa adui, na asubuhi goti hukaza kwa dakika chache kabla ya kulegea. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo ina sura tofauti: hushika vidole vya mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi huweza kuzidi saa moja. Jongo (gauti) huja ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu. Tusisahau chikungunya. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania, katika uwanda wa juu wa Makonde, kufuatia mlipuko wa mwaka 1952, na Mombasa iliuonja tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Homa hupita ndani ya siku chache lakini viungo huweza kuuma kwa miezi.

Unaweza kujichunguza kidogo nyumbani. Bonyeza kwa kidole kimoja. Kama maumivu yamekaa mahali pamoja, karibu na ngozi, na mtu mwingine akikukunja na kukunyoosha goti taratibu linakwenda karibu mwendo wake wote, kifuko ndicho kinachoshukiwa. Kama kila upande linakoelekezwa linauma, na maumivu huwezi kuyanyooshea kidole, fikiria kiungo chenyewe.

Kuna hali ambazo hazingoji kulinganisha chochote. Kiungo kikiwa chekundu, cha moto, kimevimba haraka na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Bursa za goti na kiwiko ziko chini tu ya ngozi, na mchubuko mdogo unatosha kupitisha bakteria. Vijidudu vikifika ndani ya kiungo chenyewe, siku chache zinatosha kuharibu gegedu moja kwa moja. Kiungo cha namna hiyo kisichuliwe, na kisichomwe steroidi. Wahi vilevile kama huwezi kukanyaga baada ya kuanguka, kama ni mtoto anayechechemea au anayekataa kutumia mkono, kama una sikoseli, au kama maumivu yanakuja pamoja na kukonda na jasho la usiku.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote nne kwa maswali matano: njia inaanza kusaidia lini, nafuu inadumu kiasi gani, inaweza kukudhuru vipi, inagharimu na kupatikana vipi, na inamfaa nani. Swali la tatu nalipa uzito zaidi. Watu wengi wenye maumivu ya viungo ni wa umri wa presha na kisukari, na dawa ya goti inaweza kumaliza figo.

Vidonge vya maumivu

Vidonge hufanya kazi haraka. Ibuprofeni au diklofenaki huanza kutuliza ndani ya saa moja hivi, na zina sifa ambayo parasetamoli haina: zinapunguza uvimbe wenyewe. Kwa bursitisi iliyoanza juzi, au jongo lililokuamsha usiku, hilo ni jambo kubwa. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini kwa goti lililosagika msaada wake umeonekana kuwa mdogo.

Nafuu hudumu saa chache, basi. Kidonge hakibadilishi kilicholeta uvimbe. Ukimeza siku tano huku unaendelea kudeki kwa magoti, siku ya sita utarudi pale ulipokuwa.

Madhara ndiyo yanayonifanya niandike kwa kirefu. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo, wakati mwingine vinavyovuja damu bila dalili ya awali, presha kupanda, na figo kuchoka. Hatari kwa figo huongezeka sana mtu akiwa tayari anatumia dawa za presha za kundi la enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilielekeza kwamba diklofenaki isitumike kwa wenye ugonjwa wa moyo, waliopata kiharusi au wenye mishipa ya damu iliyoziba. Hapa kwetu bado inauzwa kama karanga.

Jambo la pili ni vidonge vya mchanganyiko. Kuna vingi sokoni vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mtu anameza hivyo asubuhi, mchana anaongeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, jioni ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, na hajui kwamba amerudia dawa ileile au ya kundi lilelile. Soma nyuma ya pakiti, yale maandishi madogo yanayotaja kila dawa na miligramu zake. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ibuprofeni bila ushauri wa daktari isizidi miligramu 1200 kwa siku, tena baada ya kula.

Jambo la tatu: wapo wanaoomba wachomwe diklofenaki makalioni wakiamini kwamba sindano haigusi tumbo. Inagusa. Dawa huufikia ukuta wa tumbo kwa njia ya damu, hata kama haikupita mdomoni.

Kwa bei, hakuna cha kushindana na vidonge, na vinapatikana hadi kijijini. Vinamfaa mtu mwenye afya njema, asiye na vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au moyo, mwenye maumivu mapya anayotaka kuyavusha kwa siku chache. Mjamzito asiziguse ibuprofeni na diklofenaki bila daktari, hasa baada ya wiki ya 20. Mwenye homa na viungo kuuma asubiri vipimo kwanza, kwani ikiwa ni dengi, dawa hizi na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Jeli ya kupaka

Tutofautishe kwanza. Dawa za kuchua zenye mentholi au mafuta ya karafuu huleta baridi au joto na hupoza kwa muda. Hazina ubaya zikipakwa kwenye ngozi nzima. Jeli ninayoizungumzia ni ile yenye diklofenaki, kwa kawaida asilimia 1, ambayo inapenya ngozi na kupunguza uvimbe mahali palipopakwa.

Hutuliza polepole kuliko kidonge, na inataka kupakwa mara tatu au nne kwa siku bila kuruka, siku kadhaa mfululizo. Wengi wanasema haifai kwa sababu wamepaka mara moja jioni wakalala. Kwa usalama ina nafasi nzuri kuliko kidonge: dawa inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo, takriban asilimia 6 ya ile ya vidonge. Baadhi ya watu huwashwa ngozi. Isipakwe kwenye kidonda, wala isifungwe bandeji isiyopitisha hewa, na mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza, kwa kuwa asilimia 6 si sifuri.

Udhaifu wake ni kina. Goti, kiwiko, kifundo cha mguu na vidole viko karibu na ngozi, hivyo jeli inafika. Nyonga imezama ndani ya nyama. Kupaka huko ni kupoteza fedha. Bega liko katikati, wengine husaidika na wengine hapana. Bei yake ni juu kuliko vidonge, na bomba moja likitumiwa ipasavyo huisha haraka. Inamfaa zaidi mzee mwenye goti linalouma ambaye tayari anameza dawa za presha au kisukari. Miongozo ya tiba ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2022 inaitaja jeli ya aina hii kuwa dawa ya kuanza nayo kwa goti lililosagika, kabla ya vidonge.

Mazoezi ya tiba

Kwa haraka ya nafuu, mazoezi yanashika mkia. Wiki mbili za kwanza unaweza usione tofauti, na maumivu kidogo wakati wa kufanya ni ya kawaida. Kipimo kinachotumika ni hiki: maumivu yakitulia kabla ya kesho asubuhi, uko salama, yakiamka nawe yakiwa makali kuliko jana, punguza. Mabadiliko ya maana huonekana kati ya wiki 6 na 12.

Nafuu yake ndiyo inayodumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu 156 wenye magoti yaliyosagika katika huduma za afya za jeshi la Marekani, ulilinganisha fiziotherapia na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja, kundi la fiziotherapia lilikuwa na maumivu kidogo zaidi na liliweza kufanya mengi zaidi. Huko Australia, watu 204 wenye maumivu ya pembeni mwa nyonga, yale ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa bursitisi, waligawanywa makundi matatu: mazoezi na mafunzo, sindano, au kusubiri tu. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018, waliofundishwa na kufanya mazoezi ndio wengi wao waliosema wamepata nafuu kubwa, wiki ya 8 na hata baada ya mwaka.

Sababu inaeleweka. Misuli ya paja ndiyo inayobeba sehemu ya mzigo wa goti. Ikiwa dhaifu, kila hatua inaangukia mfupa. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kaa, miguu yote miwili ikanyage sakafu, mikono ikunje kifuani. Inuka taratibu ukihesabu hadi tatu, simama wima, kisha keti taratibu ukihesabu tena hadi tatu, bila kujibwaga. Rudia mara 8 hadi 10, pumzika, fanya raundi nyingine. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana. Anayeumwa sana aanze kitandani: kunja taulo au khanga, iweke chini ya goti, ikandamize kwa kukaza paja, shikilia sekunde tano, achia. Kwa bega, inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache ule unaouma uning'inie, uuzungushe polepole duara dogo. Ukizoea, shika chupa ya maji ya nusu lita.

Madhara ni machache mno, mradi usifanye kwenye kifuko kilichovimba upya na chenye moto. Kipe siku chache kitulie kwanza. Gharama inategemea mahali. Hospitali za rufaa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingi za wilaya na kaunti zina wataalamu wa fiziotherapia, lakini nauli ya kwenda mara mbili kwa wiki inaweza kumshinda mtu wa mbali. Mweleze mtaalamu hivyo siku ya kwanza. Akufundishe mazoezi manne matano ya nyumbani, akuone ukiyafanya, akupe tarehe ya kurudi baada ya mwezi.

Njia hii inamfaa karibu kila mwenye maumivu ya zaidi ya wiki sita. Asiyefaidika ni yule asiye na nafasi ya kuyafanya mfululizo, na tusimlaumu: mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi soko ana sababu ya kushindwa. Kwake tuanze na zoezi moja la kiti, linalofanyika huku chai ikichemka.

Sindano ya steroidi

Kotizoni, aina ya steroidi, ilipotumiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza, Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1948, waliokuwa hawawezi kutembea waliinuka ndani ya siku chache. Miaka miwili baadaye ugunduzi ule ulipewa Tuzo ya Nobel. Nguvu hiyo ya kuzima uvimbe ni ya kweli, na ikielekezwa ndani ya bursa au kiungo kimoja, nafuu huja ndani ya siku chache na kudumu wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi.

Kasoro iko kwenye kurudiarudia. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachoma watu wenye magoti yaliyosagika kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu yao steroidi na nusu yao maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana mwishoni, lakini waliochomwa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuzidisha sindano tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Ngozi huweza kupauka pale ilipochomwa. Kuingiza vijidudu ni nadra, ila mchomaji akifanya kwenye mazingira machafu nadra hiyo inakoma kuwa nadra, kwa hiyo ichomwe hospitali, na mtu aliyesomea.

Bei ni kubwa kuliko vidonge na haipatikani kila zahanati. Inamfaa mwenye bursitisi ya bega au nyonga isiyomruhusu kulala, au mwenye goti linalouma kiasi kwamba mazoezi hayawezekani. Kwa huyo sindano hufungua mlango. Wiki zile za nafuu ndizo za kuanza kuimarisha misuli.

Bamia, vidonge vya uteute na mitishamba

Bamia ni mboga nzuri na ale anayeipenda. Utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kwenda gotini. Glukosamini inauzwa ghali, na miongozo ileile ya Uingereza haipendekezi itumiwe. Mitishamba inayotuliza maumivu makali ndani ya saa chache inanitia hofu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama za asili huku ndani zikiwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila kutajwa. Ukiona uso unavimba na kuwa wa mviringo baada ya wiki kadhaa za dawa ya asili, ipeleke chupa hospitali. Dawa yenyewe usiiache ghafla bila daktari kujua, kwani mwili uliozoea steroidi unaweza kuanguka.

Kuzuia isirudi

Anayedeki apate mpini mrefu. Hili namwambia mwajiri zaidi kuliko mfanyakazi. Fundi marumaru avae pedi za magoti, au akunje godoro la zamani, na asimame kunyoosha miguu kila nusu saa. Anayesali sujudu zikiwa chungu atandike msala mzito, na aliyeshindwa asali kwenye kiti, dini imemruhusu. Anayekuna nazi juu ya mbuzi au kuosha vyombo chini aombe meza. Kuhusu uzito, kipimo kimoja kinatia moyo: kila kilo unayopunguza inaondoa takriban kilo nne za mgandamizo kwenye goti kwa kila hatua.

Uchague kulingana na hali yako

Uvimbe mpya mbele ya goti au nyuma ya kiwiko, bila homa wala wekundu, kwa kijana mwenye afya: acha kuukandamiza, barafu, na ibuprofeni siku tatu hadi tano. Usipopungua baada ya wiki mbili, uonwe na daktari.

Mzee mwenye presha, magoti yote yamesagika: jeli pamoja na zoezi la kiti. Vidonge vya diklofenaki avikwepe, na anayemnunulia dawa dukani amtajie muuzaji dawa zote anazomeza.

Bega linalouma usiku kwa wiki kadhaa, mkono haupandi kuvaa shati: anza mazoezi ya kuning'iniza mkono. Usingizi ukikosekana kabisa, zungumza na daktari kuhusu sindano moja, kisha urudi kwenye mazoezi.

Mwenye kisukari: jeli na mazoezi vinatangulia. Akichomwa sindano, apime sukari kila siku kwa wiki moja.

Jongo linalorudi mara kwa mara: hakuna kati ya hizi nne inayotosha. Ipo dawa inayomezwa kila siku ya kushusha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo, na daktari ndiye wa kuianzisha.

Vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukaza kila asubuhi kwa zaidi ya wiki sita: usiendelee kubadilisha dawa za dukani. Baridi yabisi ikianza kutibiwa mapema, viungo vinaweza kuokolewa visipinde.